Kwa nini kuingia kwenye eneokazi pepe huchelewa: historia ya mzigo ulioachwa mlangoni

Leo naomba tuache kidogo mambo ya kuandika programu, tuangalie swali ambalo kila mtu wa idara ya kompyuta huulizwa asubuhi kabla hajavua koti: "Mbona nimeandika neno la siri na bado nangoja?" Swali hili huulizwa sana kwenye ofisi zinazotumia maeneokazi pepe. Yaani Windows ya mfanyakazi haimo ndani ya mashine iliyo mbele yake, bali imo ndani ya seva, na mezani amebaki na skrini, kibodi, kipanya na kijisanduku kidogo tu.

Wengi wakisikia malalamiko haya hutafuta kosa moja walirekebishe waende zao. Kwa maoni yangu, kuchelewa huku si kosa moja. Ni historia iliyorundikana. Kila kizazi cha programu kilipokosa mahali pa kuweka kazi zake, kiliziweka pale mlangoni, kwa sababu wakati wa kuingia mtumiaji hana la kufanya ila kungoja. Ukiijua historia hiyo, unajua pa kutazama kwanza. Haya, twende polepole.

Mlango ulipokuwa mwepesi

Mwaka 1961, pale MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS uliowawezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa zamu za haraka haraka. Hapo ndipo tukapata desturi ya kujitambulisha kwa jina na neno la siri. Kazi ya mlango ilikuwa moja tu, kujua wewe ni nani ili faili zako zisichanganywe na za mwenzako na muda wako uhesabiwe. Hata huo muda ulikuwa mali. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, alipata njia ya kuchapisha faili ya maneno ya siri ili ajiongezee saa.

Unix ya miaka ya 1970 haikuongeza mengi. Mfumo ulisoma mstari wako kwenye faili ya /etc/passwd, ukakupeleka kwenye folda yako ya nyumbani, ukaendesha faili fupi iitwayo .profile, basi umeingia. Mwaka 1983 MIT walianzisha Project Athena pamoja na kampuni za DEC na IBM. Nia yao ilikuwa kwamba mwanafunzi aketi kwenye mashine yoyote chuoni na akute vitu vyake. Athena ilituachia Kerberos, ule utaratibu wa tiketi za utambulisho ambao Windows inautumia hadi leo.

Zingatia jambo moja hapa. Faili za mwanafunzi wa Athena zilibaki kwenye seva na zilifunguliwa pale zilipohitajika. Hakuna aliyemnakilia nyumba yake yote kabla ya kumruhusu aandike herufi ya kwanza.

Windows na nyumba ya kubebwa mgongoni

Windows NT ilitoka mwaka 1993. Ilijengwa kwa wazo kwamba kila mtu ana kompyuta yake yenye diski yake. Mipangilio yako, picha ya ukutani, vipendwa na sehemu yako ya rejistri, vyote vilikaa pamoja katika kitu kiitwacho profaili. Kuanzia NT 4.0 ya mwaka 1996, ile sehemu ya rejistri ikawa faili moja, NTUSER.DAT.

Sasa mfanyakazi akihamia meza nyingine je? Jibu lilikuwa profaili ya kuhamahama. Ukiingia, profaili inanakiliwa kutoka kwa seva hadi kwenye mashine uliyoketi. Ukitoka, mabadiliko yanarudishwa kwa seva. Hili ni kama mtu anayebeba nyumba yake mgongoni kila anapokwenda kumtembelea jirani. Nyumba ikiwa ndogo hakuna shida, lakini profaili haikui kwa ukubwa tu, inakua pia kwa idadi ya faili. Internet Explorer peke yake ilijaza vidakuzi kwa mamia, kila kimoja faili yake.

Na faili nyingi ndogo ni mbaya kuliko faili moja kubwa. Ili kunakili faili kupitia mtandao, mashine huzungumza na seva mara kadhaa: fungua, nipe sifa zake, soma, funga. Tufanye hesabu ya mfano. Faili 3,000, safari nne za kwenda na kurudi kwa kila moja, ni safari 12,000. Kwenye mtandao wa ndani ambapo safari moja ni nusu milisekunde, hizo ni sekunde 6. Kwenye kiungo cha setilaiti ambapo safari moja ni milisekunde 550, ni sekunde 6,600, karibu saa mbili. Ukubwa wa faili hata hatujautaja.

Kwa sisi wa Kenya mfano huu haukuwa wa kufikirika. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, ofisi nyingi za mbali zilitegemea setilaiti, na setilaiti ya aina ile iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Mawimbi hayawezi kwenda haraka kuliko mwanga. Hata ungenunua upana mkubwa kiasi gani, ule umbali ulibaki palepale.

Wakati huohuo kulikuwa na kampuni ya Citrix, iliyoanzishwa mwaka 1989 na Ed Iacobucci aliyetoka IBM. Mwaka 1995 walitoa WinFrame, ambayo ilikuwa Windows NT 3.51 iliyorekebishwa ili watu wengi waingie kwenye seva moja. Mwaka 1997 Microsoft walikubaliana nao kuutumia ufundi huo, na mwaka 1998 ikatoka NT 4.0 Terminal Server Edition. Hapo profaili za kuhamahama zikapata kazi kubwa kuliko waliyozifikiria waliozibuni, maana mfanyakazi leo yuko kwenye seva ya kwanza, kesho ya tatu.

Shida moja ya enzi hizo ilinisumbua sana kichwa. Mtu anatoka, lakini kuna programu bado imeshikilia NTUSER.DAT yake. Profaili haifungwi, mabadiliko hayarudi, na kesho yake mambo yanavurugika. Microsoft ilibidi watoe kifaa kidogo kiitwacho UPHClean cha kuilazimisha programu hiyo iachilie. Kazi hiyo ilikuja kuingizwa ndani ya Windows yenyewe kuanzia Vista.

Mwaka 2000 na sheria za nyumba

Februari 2000 Windows 2000 ilileta Active Directory na Group Policy. Kwa msimamizi ilikuwa neema: unaandika sheria mara moja, mashine zote zinatii. Lakini sheria husomwa lini? Umekisia, wakati wa kuingia.

Jambo la pili lililobadilika lilikuwa namna ya kumpata mlinda mlango. Sasa mashine iliuliza DNS, "Ni seva gani ya kikoa iliyo karibu nami?" Mashine ikiwa imepewa DNS ya kampuni ya intaneti badala ya DNS ya ndani, haipati jibu, inangoja, inajaribu njia nyingine, inangoja tena. Nimeshuhudia ofisi moja hapa Nairobi ikinunua kumbukumbu zaidi kwa seva zake kwa sababu ya tatizo hili, na asubuhi iliyofuata watu bado wanangoja. Sawa na hilo ni pale ambapo mtandao wa tawi haujaandikishwa kwenye ramani ya Active Directory. Mashine iliyoko Kisumu inaweza kwenda kuulizia utambulisho kwa seva iliyo mbali kabisa huku ya jirani imekaa bure.

Windows 2000 na XP zilipima kasi ya mtandao kwa kutuma pingi kwa seva ya kikoa. Chini ya kilobiti 500 kwa sekunde, kiungo kilihesabiwa kuwa cha polepole na sheria nyingine ziliachwa. Wazo zuri. Lakini mtu wa usalama akizuia pingi, sheria zinashindwa kufanya kazi sawasawa. Yeye amefanya kazi yake na wewe umefanya yako, na katikati mtumiaji anangoja.

XP ya mwaka 2001 ilijaribu kutuhurumia. Ilimruhusu mtumiaji aone eneokazi lake huku sheria zikiendelea kusomwa chinichini. Ila nafuu hiyo haikuwafikia wenye profaili za kuhamahama, wala Windows za seva hazikuwa nayo. Yaani wale hasa waliokuwa wakingoja sana ndio walioachwa nje.

Mwaka 2006 na dhoruba ya asubuhi

VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilikuwa imewazoesha watu kuweka seva nyingi ndani ya mashine moja. Mwaka 2006 ikaanza kulitangaza wazo la kufanya vivyo hivyo kwa maeneokazi. Mwaka 2008 Citrix wakatoa XenDesktop. Kila mfanyakazi akapata Windows XP yake kamili ndani ya seva.

Tatizo likaja mahali ambapo wengi hawakupapima: diski. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Kwa wastani unangoja nusu ya mzunguko, halafu ongeza muda wa mkono wa kusomea kusogea. Inabaki kama maombi 80 kwa sekunde. Kompyuta 100 za mezani zina diski 100, hivyo zinaweza maombi 8,000. Sasa uzihamishie zote kwenye kabati la diski 24 za kasi, kila moja ikiweza maombi kama 180. Unapata 4,320. Zikipangwa kwa RAID 5, kila andiko dogo linageuka kuwa shughuli nne za diski. Na kuingia kwenye Windows ni kusoma na kuandika vipande vidogo vidogo.

Mchana hakuna aliyeona kitu. Majaribio ya watu watano yalifaulu vizuri. Kisha saa mbili asubuhi watu 100 wanaingia ndani ya dakika kumi, na kila mmoja anamngojea mwenzake. Wataalamu waliita hali hii dhoruba. Mingi ya miradi ya miaka ile ilipata jina baya kwa sababu ya hesabu hii tu. Dhoruba ilitulia pale diski zisizozunguka ziliposhuka bei, si kwa sababu mtu alipunguza mzigo wa mlangoni.

Sekunde 30 za rangi moja

Kisa hiki nakipenda kuliko vyote. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009. Wasimamizi wa seva za mbali walikuwa na desturi nzuri: kuondoa picha ya ukutani na kuweka rangi moja tu, kwa kuwa picha ni mzigo kuituma kupitia mtandao. Wakafanya hivyo kwenye Windows 7 na Server 2008 R2. Matokeo yake, skrini ya makaribisho ilikaa sekunde 30 kila mtu alipoingia moja kwa moja kwenye mashine yenyewe.

Raymond Chen, mhandisi wa siku nyingi wa Microsoft, ameeleza sababu yake. Skrini ya makaribisho hungoja taarifa kutoka kwa sehemu mbalimbali: upau wa chini uko tayari, ikoni ziko tayari, picha ya ukutani iko tayari. Zote zikiripoti, pazia linafunguliwa. Isipokuwepo mojawapo, mfumo unangoja hadi sekunde 30 kisha unaendelea tu. Sasa ule mstari wa kuripoti kwamba picha iko tayari ulikuwa umeandikwa ndani ya sehemu ya kupakia picha. Kama hakuna picha, sehemu hiyo haiendeshwi, na ripoti haitumwi kamwe. Mfumo ulikuwa ukimngojea mgeni ambaye hakualikwa. Baadaye Microsoft walitoa kiraka.

Nyinyi waandishi wa programu mnaonisoma, mmeona? Seva ilikuwa nzima, diski ilikuwa nzima, mtandao ulikuwa mzima, na kichakato kilikuwa kimelala usingizi. Tangu nikijue kisa hiki, nikikuta ucheleweshaji wenye muda kamili, sekunde 30 au 60 zilezile kila siku na kwa kila mtu, sitafuti mzigo. Natafuta kitu kinachongojewa na hakiji. Mzigo hupanda na kushuka kulingana na wingi wa watu. Saa ya kungoja haibadiliki.

Kila siku ni siku ya kwanza

Ili kuokoa diski na kurahisisha usimamizi, wengi walichagua maeneokazi yanayofutwa mtumiaji akitoka. Kesho anapewa jipya kutoka kwa nakala moja ya msingi. Lakini Windows ina kazi nyingi za siku ya kwanza, zilizowekwa hapo kwa kuwa watu waliamini hutokea mara moja tu maishani. Active Setup, utaratibu wa tangu enzi za Internet Explorer 4, huendesha matayarisho ya kila mtumiaji mpya. Windows 8 na 10 zikaongeza programu za duka, ambazo husajiliwa kwa kila mtumiaji anapoingia mara ya kwanza. Kwa mtu wa eneokazi linalofutwa, kila asubuhi ni mara ya kwanza.

Mfano mbaya zaidi ulikuwa kwenye Windows Server 2016. Kila mtumiaji alipoingia, programu hizo ziliandika kanuni zake kwenye ukuta wa usalama wa mtandao. Alipotoka profaili ilifutwa, kanuni zikabaki. Kesho zikaandikwa nyingine. Baada ya miezi, rejistri imejaa kanuni za watu ambao walishatoka zamani, na kuingia kunazidi kuwa kwa polepole siku baada ya siku. Baadaye Microsoft walileta dawa, lakini ni lazima uiwashe mwenyewe kwa thamani ya DeleteUserAppContainersOnLogoff. Asiyejua hakupona.

Na zile profaili za kubeba mgongoni? Kampuni iitwayo FSLogix ilikuja na jibu rahisi: usinakili. Weka profaili nzima ndani ya faili moja ya diski pepe kwenye seva, na mtu akiingia iunganishe tu. Windows inadhani ni folda ya kawaida, na kinachosomwa ni kile kinachohitajika pekee. Microsoft wenyewe walikuwa wamejaribu kitu kama hicho kwenye Windows Server 2012. Novemba 2018 wakainunua FSLogix, na mwaka uliofuata ikawa sehemu ya huduma yao ya maeneokazi kwenye wingu. Ukitazama vizuri, tumerudi Athena ya mwaka 1983. Faili zibaki kwao, zifunguliwe zikihitajika.

Nani analipa?

Wengine watasema, dakika mbili ni nini? Chukua ofisi ya watu 300. Dakika mbili kila mmoja ni dakika 600, yaani saa kumi za kazi kila siku. Lakini swali gumu ni saa hizo ni za nani. Kwenye vituo vya simu mfanyakazi huanza kuhesabiwa anapofika kwenye mfumo wa kuandikisha saa, na mfumo huo uko nyuma ya mlango huuhuu tunaouzungumzia.

Marekani jambo hili lilifika mahakamani. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kumi iliamua, katika kesi dhidi ya kampuni ya Nelnet, kwamba muda ambao wafanyakazi wa kituo cha simu walitumia kuamsha kompyuta na kuingia, kama dakika mbili kwa zamu, ni muda wa kazi na unastahili malipo. Mwaka 2022 mahakama ya Mzunguko wa Tisa ikaona vivyo hivyo kwenye kesi ya kituo cha simu cha Las Vegas, kwamba kuwasha kompyuta ni sehemu ya kazi yenyewe. Kwa hiyo ile ripoti anayoandika mtu wa kompyuta kuhusu sekunde za kuingia ni zaidi ya ripoti ya kiufundi. Ni hesabu ya mshahara wa mtu.

Ndiyo maana nasisitiza kupima kabla ya kubahatisha. Gawanya muda katika vipande: kutambuliwa, profaili, sheria, skripti, kisha eneokazi lenyewe pamoja na printa. Enzi za XP tulisoma faili ya userenv.log. Tangu Vista kuna daftari la matukio la Group Policy, ambapo tukio 8001 linakuambia sheria za mtumiaji zilichukua sekunde ngapi. Process Monitor ya kina Mark Russinovich itakuonyesha kilichokuwa kikifanyika katika kila sekunde ya ukimya. Ukishajua kipande kinachokula muda, utajua pia kilitoka mwaka gani, na mara nyingi utakuta sababu iliyokiweka pale ilishakufa. Skripti ya kuunganisha diski ya seva iliyouzwa. Printa ya ghorofa ambayo kampuni ilihama.

Hivyo wiki hii, ukipata nafasi, orodhesha yote yanayofanyika mlangoni pako na kando ya kila moja andika jina la anayelihitaji. Lisilo na jina, liondoe. Na wewe mwandishi wa programu mwenzangu, kabla hujaongeza kitu kingine cha kuendeshwa mtu anapoingia, kumbuka kuna mtu ameketi pale saa mbili asubuhi, na pengine hajaanza kulipwa.

Hadi wakati mwingine, kazi njema.